Maswali kwa fundi: nyundo, tepe na felti za piano kuukuu

Shikamoo fundi. Piano ya kanisa letu hapa Tanga huwa nzito kila masika. Nyundo inagonga uzi vizuri, lakini inarudi kwa kusuasua. Nimeshauriwa niipake mafuta ya cherehani. (Mwalimu wa kwaya)

Marahaba, mwalimu. Tafadhali usiipake. Kila nyundo inazunguka kwenye pini nyembamba, unene wake kama milimita 1.3, iliyopita ndani ya kitambaa cha sufu. Sufu hunyonya unyevu wa pwani, ikavimba na kuibana pini. Mafuta yatasaidia kwa muda mfupi, kisha yatanasa vumbi na kuwa ulimbo, na kitambaa kilicholowa mafuta ni taabu kukisafisha.

Kwanza jua kosa liko wapi. Sukuma nyundo kwa kidole hadi karibu na uzi, uiachie. Ikirudi polepole, imebana kwenye pini yake. Ikirudi upesi, angalia kibonyezo chenyewe, huenda ndicho kinachokwama.

Kama ni pini, changanya spiriti na maji kidogo, dondosha tone moja kila upande, uache ikauke usiku kucha. Sufu ikilowa huvimba na kujikandamiza kwenye pini. Ikikauka husinyaa na kuacha nafasi. Spiriti isiguse vanishi ya kabati, itaibabua. Ikishindikana, pini itolewe, tundu la kitambaa lipanuliwe kidogo, iwekwe pini inayolienea. Hapo mtafute aliyezoea kazi hiyo.

Tepe za nyundo mbili zimekatika. Nibadilishe hizo mbili tu? (Msomaji, Moshi)

Badilisha zote, maana zina umri mmoja na zilizobaki zitafuata. Tepe, vile vitambaa vinavyounganisha kila nyundo na kipande cha chini kinachoisukuma, ndizo zinazozuia vipande hivyo visining'inie unapotoa mitambo (fremu yote yenye nyundo) nje. Zikiwa zimekatika, kuirudisha mahali pake ni mateso. Pima urefu wa zile nzima kabla ya kununua. Tepe fupi mno huvuta kipande cha chini kikapoteza mahali pake.

Piano yangu ina sauti kali, kama bati. Nyundo zina mifereji. (Msomaji, Nakuru)

Mifereji hiyo imechimbwa na nyuzi zenyewe. Gundisha msasa kwenye kijiti bapa, shika nyundo kwa mkono wa pili isitikisike, kisha sugua kutoka mabegani kuelekea nchani, upande huu na upande ule, felti (sufu iliyoshindiliwa inayofunika nyundo) itoke tabaka kwa tabaka. Ncha usiikate ikawa bapa. Nyundo irudie umbo la yai. Kwenye noti za juu nenda taratibu sana, felti ya huko ni nyembamba na msasa ukizidi unafika kwenye mbao. Mifereji iliyokaribia mbao haina dawa ila nyundo mpya.

Ukimaliza, nyundo zimepungua urefu, kwa hiyo pima upya. Ikipumzika, nyundo iwe kama milimita 45 kutoka kwenye uzi. Bonyeza polepole kabisa: inapaswa kuachia na kurudi nyuma ikiwa imebakiza kama milimita 3.

Nikibonyeza, kuna nafasi tupu kabla nyundo haijaanza kwenda. (Msomaji, Mombasa)

Felti zilizo kati ya kibonyezo na mitambo zimelala, yaani zimebanwa zikawa nyembamba, kwa miaka mingi. Nyuma ya kibonyezo kuna skrubu ya kupandisha mitambo. Ipandishe kidogo kidogo hadi nyundo ianze kutikisika, kisha irudishe chini kiasi cha unywele. Ukiipandisha mno, nyundo haitaweza kugonga mara ya pili.