Eti aliweza kuachwa

Msomaji mmoja wa Morogoro anayeandika habari za michezo ameniletea barua fupi yenye maswali mawili na kosa moja lililorudiwa mara tatu. Maswali ni mazuri. Kosa ndilo lililoninyima usingizi.

"Shikamoo mwalimu," anaandika. "Naandaa makala kuhusu Matt Stairs, mchezaji wa besiboli wa Kanada, mmoja wa wale ambao kwa Kiingereza huitwa journeyman kwa kupita timu nyingi. Nimeanza hivi: 'Stairs, ambaye aliweza kuzaliwa nchini Kanada mwaka 1968, aliweza kuuzwa Japani mwaka 1993, na baadaye aliweza kuachwa na timu nyingi za Marekani.' Je, neno hilo nilitafsiri mchezaji msafiri au mchezaji wa safari?"

Marahaba, mwanangu. Safari tutaifikia. Kwanza niambie: aliwezaje kuzaliwa?

Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kutenda jambo. Kichanga aliyefika duniani dakika hii, bado hajafumbua macho, ameweza nini? Aliyeweza pale ni mama yake, na mkunga kidogo. Mtoto alizaliwa, basi. Sentensi yako ingeanza "Stairs, aliyezaliwa Kanada mwaka 1968," na hakuna ambaye angeuliza uwezo umekwenda wapi.

Lakini hilo ningelisamehe. Nimelala na kuamka na "aliweza kuachwa". Nimejaribu kumpiga picha mchezaji mwenye kipaji cha kuachwa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia mizunguko kumi, ananyoosha viungo, anafanya mazoezi ya kuachwa. Kocha anamtazama, anatikisa kichwa: "Bado, kijana. Juhudi naiona, ila hujaweza. Rudi wiki ijayo." Jioni anarudi nyumbani kichwa chini. Mkewe anauliza, vipi leo? "Nimeshindwa tena, mama watoto. Wameniongezea mkataba." Mpaka siku moja, baada ya misimu mitatu ya jasho, anaingia mlangoni anacheka, barua ya kufukuzwa mkononi: ameweza! Majirani wanaitwa, mbuzi anachinjwa.

Ndivyo sentensi yako inavyosema.

Usidhani nakuonea peke yako. Ugonjwa huu umeenea. Mwaka jana nilikuwa msibani, na mshereheshaji (siku hizi hata misiba ina washereheshaji) akatusomea wasifu: marehemu aliweza kuugua kwa muda mrefu, aliweza kulazwa mara mbili, na hatimaye usiku wa kuamkia Jumanne akaweza kufariki. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Huyu bwana hakuwa wa kukata tamaa." Nikalazimika kujifuta uso kwa leso watu wadhani nalia. Redioni ndiyo usiseme: timu imeweza kufungwa mabao matatu kwa bila, basi limeweza kupinduka, daraja limeweza kusombwa na maji. Daraja!

Chanzo chake? Nadhani ni viwili. Cha kwanza ni tafsiri: habari inakuja kwa Kiingereza, mle mna maneno mawili matatu ya "kuweza" yaliyotiwa kama chumvi, na mtafsiri mwenye haraka anayabeba yote. Cha pili ni kuvuta pumzi. Anayezungumza mbele ya watu anahitaji kijineno cha kupumzikia huku akilitafuta kitenzi chenyewe, na "ameweza" kina silabi nne, kinasikika kama mtu aliyesoma. Mzungumzaji namwonea huruma. Wewe mwandishi umekaa mezani na chai yako, pumzi unamvutia nani?

Sasa ngoja nikuoneshe kwa mtu wako huyohuyo, maana umechagua mfano bora kuliko unavyojua. Maisha ya Stairs yamegawanyika wazi kati ya alichoweza na alichotendwa.

Yeye alikuwa hasa wa uwanja wa nje, yaani mmoja wa wale watatu wanaosimama mbali kabisa na mpigaji ili kudaka mipira mirefu. Mbio hakuwa nazo za kutisha, na kwa umbo ungeweza kumdhania mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliloweza ni kupiga. Alianza ligi kuu na Montreal Expos mwaka 1992. Mwaka uliofuata aliuzwa kwa Chunichi Dragons ya Nagoya. Aliuzwa: kauli ya kutendwa, safi, haihitaji mkongojo. Akarudi akachezea Boston mwaka 1995, kisha Oakland kuanzia 1996, na huko ndiko alikokaa muda mrefu kuliko kwingine. Mwaka 1999 alivusha mipira 38 nje ya uzio, na kila pigo kama hilo linampa pointi mpigaji pamoja na wenzake waliopo vituoni. Hapo, ukipenda, sema aliweza. Mipira 38 si mchezo, ingawa ni mchezo.

Halafu yakaanza mambo ya kutendwa. Alipelekwa Chicago kwa Cubs, alikwenda Milwaukee, Pittsburgh, Kansas City. Mwaka 2006 peke yake alivaa jezi tatu: Kansas City wakamtoa kwenda Texas mwishoni mwa Julai, na Septemba akachukuliwa na Detroit. Detroit mwaka ule ilifika fainali, ila yeye alikuwa amechelewa kufika na hakuruhusiwa kucheza mechi za mtoano. Tazama ulivyo mtego hapa: "hakuweza kucheza fainali". Hiyo ni sahihi kabisa! Kikanushi kinabeba mzigo wake, kinasema nafasi haikuwapo. Kwa hiyo sina ugomvi na "hakuweza". Wala sina ugomvi na "mvua inaweza kunyesha" au "nyumba inaweza kuuzwa", maana pale tunazungumzia yanayoweza kuwa, hayajawa. Ugomvi wangu ni na jambo lililokwisha mtokea mtu bila hiari yake, kisha anapewa hongera kwa kulipata.

Toronto alikaa karibu misimu miwili. Mwishoni mwa Agosti 2008 akapelekwa Philadelphia, akiwa na miaka 40, umri ambao wenzake wengi walikwisha kuwa makocha au wauza bima. Tarehe 13 Oktoba, Philadelphia walikuwa Los Angeles katika mechi ya nne ya nusu fainali. Walikuwa nyuma 5 kwa 3, wakasawazisha katika awamu ya nane kati ya tisa. Wawili wao wamekwisha tolewa (akitolewa wa tatu zamu inaisha), mwenzao Carlos Ruiz yuko kituo cha kwanza. Los Angeles wakamleta Jonathan Broxton, pande la mtu, mrushaji wa mipira ya kasi inayopita kilomita 150 kwa saa. Philadelphia wakamwinua Stairs kwenye benchi apige badala ya mrushaji wao. Kumbuka mtu huyu alikuwa amekaa jioni nzima, misuli imepoa. Broxton akatupa mipira mitatu nje ya shabaha na mmoja ndani. Wa nne nje ya shabaha ungempa Stairs kituo cha bure, kwa hiyo mpira uliofuata ilibidi aulenge katikati, hana jinsi. Stairs akauchapa. Ulikwenda juu na mbali, ukaangukia majukwaa ya upande wa kulia, 7 kwa 5. Philadelphia wakashinda, wakaenda fainali, wakatwaa ubingwa.

Sasa hapo mwandishi atasema nini? Atasema "Stairs aliweza kupiga mpira." Masikini! Msomaji amelisoma "aliweza" kumi na sita tangu aya ya kwanza: aliweza kuzaliwa, aliweza kuuzwa, aliweza kuumia, aliweza kupanda ndege. Likifika la kumi na saba, lile moja lenye haki ya kuwepo, limekwisha chuja kama kanga ya kufulia. Hilo ndilo linaloniuma.

Na Kiswahili kina silaha kali zaidi palepale, ambayo hamuitumii. Kitenzi kilekile, mpe mtendwa: alimweza. "Stairs alimweza Broxton." Mtoto yeyote wa mtaani anakijua. Umeniweza leo. Huyu hamumwezi. Mama mkwe ndiye peke yake anayemweza. Alimweza maana yake alimshinda, alimpatia dawa yake, alimweka mahali pake. Neno moja, na Broxton yumo ndani akiwa ameinamisha kichwa. Bibi yangu wa Tanga alikuwa na matumizi ya tatu, ya kiafya: mtu akiugua anasema "siwezi", na majirani wanapeana habari kwamba fulani "hawezi tangu juzi". Kitenzi kinachobeba uhai, ushindi na ugonjwa kwa pamoja, sisi tunakitumia kama kijiti cha kuchokolea meno.

Haya, safari. Nilikuahidi.

"Mchezaji wa safari" hapana. Tunacho kitanda cha safari, kile cha kukunja, na mchezaji wa safari anasikika kama ndugu yake. Tena aliyetunga neno la Kiingereza hakuwa na safari kichwani. Lile neno asili yake ni la Kifaransa la siku, kazi ya kutwa moja: fundi aliyekwisha hitimu ila hajamiliki karakana, analipwa kwa siku. Safari imeingia kwa kufanana kwa sauti tu, na umeingia nayo mtegoni.

Kiswahili kina jamaa yake wa karibu: kibarua. Nacho ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akirudishe na kulipwa. Siku kwa siku, sawasawa na yule fundi. Na waandishi wenu wa michezo tayari wanakitumia vizuri: kocha akifukuzwa, kibarua kimeota nyasi. (Hapo hawasemi kibarua kimeweza kuota nyasi. Nawashukuru. Labda kesho.) Shida yake ni moja, kibarua kwetu kinanuka jembe na zege, mtu asiye na fani, na Stairs alikuwa fundi. Ukiandika "fundi wa kibarua" utakuwa karibu zaidi.

Lakini kwa Stairs hasa, neno lake lipo kituo cha daladala, na nalitoa huku nikijua baadhi ya wenzangu wataninunia: deiwaka. Dereva mwenye gari akitaka kupumzika, anamwachia deiwaka apige trip mbili tatu. Deiwaka hana gari, hana ruti yake, lakini kuendesha anajua, na leo yuko Ubungo kesho Mbagala. Neno limetoka Kiingereza cha mfanyakazi wa kutwa, likabatizwa stendi, na ndani yake kuna siku ileile ya Mfaransa. Stairs alikuwa deiwaka mara mbili: alipita timu kwa timu, na uzeeni kazi yake ikawa kuinuliwa benchini apige mara moja tu badala ya mwingine, kisha akae. Kwa kazi hiyo ya kupokea usukani kwa muda, alivusha uzio mara 23 katika maisha yake ya ligi kuu, na rekodi ya aliyemtangulia aliivunja akiwa San Diego mwaka 2010. Miaka kumi iliyopita ningemchapa mwanafunzi aliyeandika deiwaka. Leo namwachia, mradi asiandike deiwaka aliweza.

Msafiri liache. Msafiri ana anakokwenda. Hawa wanaamka na kuambiwa mizigo yao ipelekwe Milwaukee.

Mwisho barua yako inauliza uandike timu 13 au 12, maana umekuta zote mbili. Majina ya jezi ni 13. Ila Expos ya Montreal ilihamishiwa Washington mwaka 2005 ikaitwa Nationals, na Stairs akamalizia hukohuko mwaka 2011, kwa mwajiri wake wa kwanza aliyebadilisha jina na mji. Andika "timu 12 kwa majina 13". Na ukifika Agosti ya mwaka ule, alipokuwa na miaka 43 na mpira umeanza kumkwepa, Washington walimwacha. Kalamu yako itataka kuandika kitu kabla ya hicho kitenzi. Izuie.