Pilipili yako inafanya povu kwa sababu ya maji, mkuu

Mkuu uliyeuliza kwa nini pilipili yako ya kusaga inafanya povu siku ya nne na kunuka kama pombe, jibu umeliandika mwenyewe: unasaga mbichi na nyanya, unaongeza maji ili blenda izunguke, unatia kwenye chupa ya plastiki na kuiacha kabatini. Kwa joto la huku Mtwara hapo umevundika togwa.

Nakuelewa, maana na mimi nilipitia. Siku za mwanzo nilimtumia shemeji yangu wa Lindi chupa mbili kwa basi. Safari yenyewe kilomita 100 na ushee tu. Kufika Mingoyo kizibo kikafyatuka, basi zima chafya, na pilipili ikamwagikia doti ya kanga mpya ya mama wa watu. Nililipa kanga.

Siku hizi nachukua robo kilo ya pilipili mbuzi zilizoiva. Pilipili kichaa natia kiganja kimoja, zile ni ukali mtupu, harufu hazina. Karoti mbili, kitunguu saumu kichwa kimoja, embe bichi moja nikilipata. Nyanya siweki kabisa, na najua wa Dar mtanipinga. Naosha, kisha natandaza kwenye ungo hadi zikauke kau. Ukali mwingi uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, siyo kwenye mbegu zenyewe, kwa hiyo nikiwa na wageni naukwangua.

Nasaga kwa kikombe kimoja cha siki, bila tone la maji. Halafu naibandika kwenye jiko, moto mdogo wa mkaa, chumvi kijiko kimoja cha chakula. Pikia uani, la sivyo majirani watakohoa hadi wakuchukie. Mwanzoni inatokota kama uji, baadaye inaanza kutema matone (shika mwiko mrefu), mwisho unapopitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla ya kuziba. Kwangu huchukua kama dakika 40. Hapo ndipo natia mafuta vijiko vitatu na ndimu mbili, na kujaza ikiwa moto kwenye chupa za kioo nilizochemsha. Chupa zote naziweka friji.

Siki usiipunguze kwa kuogopa uchachu, huo uchachu ndio unaozuia vijidudu. Nawaonya hasa wanaoloweka vitunguu saumu vibichi kwenye mafuta matupu na kuviacha mezani wiki nzima: kuna bakteria hustawi pasipo hewa na kutoa sumu, na huwezi kuinusa wala kuionja.

Mikono ikiwaka, jipake mafuta ya kula kwanza ndipo unawe kwa sabuni. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unausambaza tu. Mimi niliwahi kunawa maji matupu nikamfuta mtoto makamasi. Nyumba haikulala.

Kwetu chupa moja haimalizi wiki tukipata ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku Kusini. Unaichemsha, unamenya ingali na joto, unachovya ncha tu.

Shemeji bado anapokea zake kila mwezi, chupa za kioo, kifuniko nimekizungushia utepe ambao kwa kweli hauhitajiki tena. Konda wa basi lile hutaka kuunusa mzigo wangu kwanza kabla hajaupokea.