Mhusika mkuu si mshtakiwa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Hadithi fupi ina kurasa chache tu, mbona wanafunzi wetu hawamwelewi mhusika wake mkuu? Na je, miongozo ya fasihi ipigwe marufuku shuleni?" Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa huku Kilifi, kidato cha tatu na cha nne, na naona jibu la sehemu ya kwanza limo ndani ya swali lenyewe. Hawamwelewi kwa sababu kurasa ni chache.

Riwaya inakupa muda. Mhusika unakua naye, unahama naye, unamwona akikosea na kujirudi. Ukifika katikati umeshamzoea, hata kama mwanzoni alikupiga chenga. Mhusika wa hadithi fupi ni abiria uliyeketi naye kwenye matatu ya Mombasa kwenda Malindi: amepanda, amepokea simu, amefuta machozi, ameshuka Mtwapa. Ya kabla na ya baada unayajua kwa machache uliyoyasikia, na kwa masikio yako mwenyewe kuwa wazi. Mwandishi ameyaacha mengine kwa makusudi. Sasa mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kila kitu anaona pengo na kutafuta wa kumzibia, na mwongozo, kile kitabu cha uchambuzi kinachouzwa kando ya hadithi, uko tayari na orodha yake: mwenye bidii, mvumilivu, mnafiki, msaliti. Anakariri, anajaza karatasi, na mhusika mwenyewe wamepishana njiani.

Nitatoa mifano kutoka Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, uliotahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, kabla ya mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo kushika nafasi yake. Umeshatoka kwenye mtihani, kwa hiyo hakuna atakayedhani natabiri maswali.

Hadithi ninayopenda kurudi kwake ni "Shogake Dada Ana Ndevu", ya Chokocho mwenyewe. Kwa wasioisoma: Safia ni binti wa Masudi na Bi. Hamida, na wazazi hawa hawaishi kumsifu. Ana adabu, anasoma, si kama watoto wa wenzao. Rafiki yake Kimwana huja nyumbani kudurusu naye, amejisitiri kwa buibui, na wawili hao hujifungia chumbani na vitabu vyao. Anayeona kwamba shoga ya dada ana ndevu ni Lulua, mdogo wake Safia, na maneno yake yanachukuliwa kuwa ya kitoto. Kimwana ni mvulana. Safia anashika mimba, na anakufa katika jaribio la kuitoa.

Waulize kidato cha tatu sifa za Safia uone kalamu zinavyokimbia. "Safia ni mnafiki. Safia ni mwongo. Safia ni mwasherati." Hilo la tatu huandikwa kwa raha ya pekee, hasa na wavulana, na mara nyingi kwa wino uliokolezwa. Kimwana, aliyevaa buibui na kupita mbele ya wazazi wa watu siku baada ya siku, hupata mstari mmoja mwishoni, tena akiitwa "mjanja". Mjanja! Neno ambalo mtaani ni karibu sifa njema.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tatizo liko wapi. Wanafunzi wengi wanadhani mhusika mkuu ndiye mkosaji mkuu. Kwa kuwa hadithi inamzunguka yeye, wanaona kazi yao ni kumpitishia hukumu, na aliye pembeni anaponyoka kwa sababu swali halikumtaja. Lakini kuwa katikati ya hadithi maana yake ni kwamba mambo yanakuja kukutana kwako: matarajio ya wazazi, macho ya majirani, tamaa yako, woga wako. Ukishaandika "mwasherati" umeufunga mlango ambao ulitakiwa kuingilia. Huulizi tena kwa nini msichana aliyependwa namna ile hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kuwa ana mimba.

Kwa hiyo darasani sianzi na sifa. Naanza na swali moja: nani kakuambia? Umeandika Safia ni mtiifu, nani amesema? Wanapekua, wanarudi: mama yake. Na hilo la bidii? Baba yake. Polepole wanaona kwamba mengi tunayoyajua juu ya Safia yamepita kwanza vinywani mwa watu wawili wanaompenda na wasiomwona. Mwandishi hakukosa njia nyingine ya kutujulisha kwa binti huyu. Amechagua tumjue kwa sifa za wazazi, ili sisi nasi tudanganyike nao kidogo, kisha mtoto mdogo atushtue.

Muhula uliopita niliwasimamisha wanafunzi wawili wasome kwa sauti kipande ambacho wazazi wanamsifu Safia. Mvulana aliyekuwa Masudi alijikohoza, akavuta sauti ya kizee, darasa likacheka. Msichana mmoja nilimweka karibu na ubao awe Safia. Akanifuata kwa macho. "Mwalimu, mimi niseme nini?" Nikamwambia hana la kusema, asimame tu. "Hata moja?" Hata moja. Wenzake wawili wakaendelea kummwagia sifa, naye amesimama pale na chaki mkononi, mara aangalie dirisha, mara ajikune shingo. Walipomaliza nikauliza darasa: huyu anajisikiaje? Majibu niliyopata hayamo katika mwongozo wowote nilioona. Mmoja alisema amechoka. Mwingine akasema, "Anaogopa, mwalimu, kwa sababu wakimsifu hivyo hawezi tena kukosea." Nilimwomba arudie, nikaliandika ubaoni jinsi alivyolisema.

Sentensi hiyo ya mtoto wa kidato cha tatu, ukiipeleka kwenye karatasi ya mtihani, inakuwa hoja kamili: Safia ni mwenye hofu, na hofu yake inatokana na sifa anazomiminiwa nyumbani. Ina sifa, ina sababu, ina tukio la kuitegemeza. Nasema hivi kwa ajili ya wale watakaoniambia kuwa mambo ya kuigiza ni ya shule zenye muda. Karatasi ya fasihi katika KCSE, yenye namba 102/3, ni ya saa mbili na nusu na alama 80: maswali manne, kila moja alama 20. Muda haupo, nakubali. Ila mwanafunzi anayeandika "mnafiki" bila kuonyesha unafiki ulitokea wapi, mbele ya nani, hapati alama zake zote hata kwangu katika mitihani ya ndani. Aliyemwelewa mhusika haandiki mengi zaidi ya mwenzake. Anaandika yale yale kwa uhakika.

Kosa la pili ni dogo, nitalipita haraka: kudhani kwamba aliyetajwa kwenye anwani, au anayechekesha zaidi, ndiye mhusika mkuu. Katika hadithi ya Said A. Mohamed iliyoupa mkusanyiko jina lake, Jitu linaingia katika mkahawa wa Madongoporomoka, linakula kila kilichopo, kesho yake linarudi na mabuldoza. Wanafunzi wanalipenda Jitu. Wanaliigiza wakati wa mapumziko, na tumbo lenyewe limo kwenye anwani. Lakini tunaingia lini ndani ya kichwa chake? Anayekosa usingizi ni Mzee Mago, mkazi wa Madongoporomoka. Anayewakusanya wenzake kuitetea ardhi yao ni yeye, na mwenye cha kupoteza ni yeye. Huwa nawaambia: mtafute atakayeumia hadithi ikienda vibaya, mara nyingi umeshampata mhusika wako.

Dennis wa "Mapenzi ya Kifaurongo" ananisumbua zaidi. Hadithi ni ya Kenna Wasike. Dennis Machora ni kijana wa familia fukara aliyefika chuo kikuu. Penina, binti wa wenye nazo, ndiye anayemwendea na kumpenda. Kijana anasita, anataja tofauti ya hali zao, msichana anaapa. Wanamaliza masomo, wanaishi pamoja, kazi haipatikani. Siku anayorudi kutoka kwenye usaili akiwa mikono mitupu, Penina anamfukuza.

Hapa darasa hugawanyika pasipo mimi kuligawa. Wavulana wote ni Dennis. Penina ni msaliti, basi, tuendelee na swali lingine. Wasichana wengine huuliza mbona mtu mzima alikaa muda wote huo akilishwa na mwenzake. Nami huwaacha wabishane, kwa sababu pande zote mbili zimeanza kusoma kweli. Ninachoingilia ni pale wanapomfanya Dennis kuwa malaika kwa kuwa ameonewa. Kuonewa si sifa ya mtu, ni jambo lililompata. Dennis aliiona hatari mapema, aliitaja kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akaingia. Kwa nini? Upweke? Kujisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba amechaguliwa? Njaa? Kila jibu linamtoa Dennis tofauti, na kila moja lina mahali pa kushikia ndani ya hadithi. Miongozo niliyowahi kushika inamwita "mvumilivu" na "msomi" na kusonga mbele, kana kwamba uvumilivu ndio uliompeleka nyumbani kwa Penina.

Nakiri kwamba si kila mhusika anabeba uzito huu. Wapo walioumbwa kubeba jambo moja tu, tunaowaita wahusika bapa, na kumchimba mmoja wao kutafuta maumivu ya utotoni ni kupoteza kipindi. Jitu lenyewe ni la namna hiyo. Mwalimu ana kazi ya kuwaonyesha wanafunzi wapi pa kuchimba na wapi pa kupita. Na ipo tahadhari nyingine kwa walimu wenzangu: hadithi kama ya Safia inasomwa mbele ya wasichana walio na umri wake. Lile neno "mwasherati" likisomwa kwa sauti na kicheko kikafuata, yupo mmoja anayeinamisha kichwa akiwa na sababu zake. Siku hizi nikisahihisha nalizungushia duara na kuandika pembeni: "Kwa ushahidi upi? Na Kimwana je?"

Kuhusu marufuku, mimi sikubaliani nayo. Mwanafunzi ataununua mwongozo stejini akienda nyumbani, au atapigiwa picha kurasa zake na rafiki. Utaratibu wangu ni kwamba hadithi inasomwa kwanza, nzima, kwa sauti, na kila mmoja anaandika orodha yake mwenyewe ya sifa, kila sifa na ukurasa wake. Baada ya hapo mwongozo unafunguliwa na tunaupima kwa orodha zetu. Vikundi vingine hupenda mchezo huu kuliko somo lenyewe: wanatafuta sifa ambayo mwongozo umeiandika na kitabu hakiwezi kuithibitisha, na wakiipata wanashangilia kama waliofunga bao. Mimi pia ninao mmoja mezani, umechakaa majalada. Hunisaidia kukumbuka majina ya wahusika wadogo.

Mwalimu wa Kiswahili, Kilifi