Asembli na muundo wa kompyuta: acha kukariri amri, kaa na staki

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kozi ya muundo wa kompyuta na lugha ya asembli (amri za prosesa zilizoandikwa kwa maneno) ina faida gani kwa anayelenga programu za simu, utaifaulu vipi bila kukariri, na kama laptopu yako ya chipu ya ARM itakukwamisha wakati kozi inatumia x86, yaani prosesa za Intel na AMD. Mimi niliisoma chuoni, kisha nikawa msaidizi wa maabara wa kozi hiyohiyo, kwa hiyo nimeiona kutoka pande zote mbili.

Faida, kwa kifupi. Kazini huenda usiandike hata mstari mmoja wa asembli, labda uangukie kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi), vifaa vidogo au usalama. Unachopata ni macho. Programu ikifa kwa kosa la memori, mwenzio ataiwasha upya na kuomba dua. Wewe utafungua dibaga (programu ya kusakia makosa) na kuona imefia wapi.

Kufaulu sasa. Wengi huanza kwa kukariri amri na hapo ndipo wanapozama. Amri za x86 ziko mamia kwa mamia, lakini kozi huzungukia mov, lea, add, sub, cmp, zile za kuruka (kwenda amri nyingine), push, pop, call na ret, na nyingine chache. Majina ya rejista, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, nayo yanatisha bure. Intel 8086 ilitoka mwaka 1978 na rejista za biti 16, mojawapo ax. Mwaka 1985 ikaja 80386, ax ikapanuliwa kuwa eax ya biti 32. Enzi ya biti 64 ikaleta rax. Ni rejista ileile. Ukiandika kwenye al unagusa baiti yake ya chini tu, ila ukiandika kwenye eax, biti 32 za juu za rax zinafutwa kuwa sifuri. Walimu wanaupenda sana mtego huo.

Jingine la kushika mapema: prosesa haijui biti zako zina maana gani. Baiti 11111111 ni 255 ukiisoma bila alama (ya hasi au chanya), na ni -1 ukiisoma kwa alama. Amri ya add inazijumlisha vilevile, haijali. Tofauti inajitokeza kwenye kuruka. Linganisha baiti hiyo na 1 kwa cmp: ukifuatisha jl, inayoangalia alama, utaruka, ukifuatisha jb, isiyoangalia alama, hutaruka. Amri mbili, biti zilezile, majibu mawili. Ukilielewa hili, mada nzima ya kijalizo cha mbili (two's complement, namna ya kuandika namba hasi kwa biti) umeimaliza.

Lakini kiini cha kozi, kwa maoni yangu, ni staki, eneo la memori ambako fankisheni huweka data na anwani za kurudia, na ndiyo mada watu wanayoipitia mbiombio. Andika fankisheni ndogo kwa C, fungua gdb (dibaga ya kwenye Linux), tembea amri moja moja kwa stepi huku ukitazama rsp, rejista inayoonyesha kilele cha staki. Tuseme rsp ni 0x7fffffffe020. Ukiitekeleza call, amri ya kuita fankisheni, rsp inashuka hadi 0x7fffffffe018, na kwenye baiti hizo 8 imewekwa anwani ya amri inayofuata call. Kazi ya ret ni kuichukua anwani hiyo na kuruka huko. Haikagui chochote. Sasa fikiria staki inakua kwenda chini, ila ukijaza safu ya herufi unaandika kwenda juu. Ukipitiliza mpaka wa safu, unaielekea anwani ya kurudia. Kwa njia hiyo hasa mnyoo wa Morris wa Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliingia kwenye mashine kupitia huduma ya finger (ya kuulizia habari za watumiaji): bafa, yaani safu ya kupokelea data, ya baiti 512 ilijazwa kupita kiasi, na ret ikaruka ilikotaka mshambuliaji.

Kwenye maabara, malalamiko mengi niliyopokea yalitoka hapohapo. Mwanafunzi anaweka hesabu ya lupu kwenye rcx, anaita printf (fankisheni ya C ya kuchapisha), akirudi hesabu imevurugika, anaapa kompyuta imerogwa. Kwenye Linux ya biti 64 makubaliano ni haya: hoja sita za kwanza (thamani unazoipa fankisheni) hupita rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, jibu hurudi kwenye rax, na fankisheni unayoiita ina ruhusa ya kuzichafua zote hizo. Unachotaka kibaki salama, kiweke kwenye rbx au r12 hadi r15, lakini wewe nawe uzirudishe kama ulivyozikuta. Tena kabla ya call, rsp igawanyike kwa 16. Ukilipuuza hili, printf inaweza kuanguka bila sababu unayoiona kwenye msimbo wako, na utakesha.

Paipulaini, yaani prosesa kushughulikia amri kadhaa kwa hatua zinazopishana, sitaizungumzia sana. Chora jedwali la hatua tano kwa mkono mpaka ulizoee. Kache, memori ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, ndiyo itakayokufaa kwenye programu za simu. Chukua jedwali la namba za baiti 4, safu mlalo 4096 kwa safu wima 4096. Ukilijumlisha kwa mlalo, kila mstari wa kache wa baiti 64 unakupa namba 16 kwa safari moja ya memori. Ukilijumlisha kwa wima, kila hatua unaruka baiti 16,384, kwa hiyo kila mara unavuta baiti 64 ili utumie 4. Hesabu ni ileile na jibu ni lilelile, ila muda unatofautiana mno. Pima mwenyewe.

Mazoezi: tumia gcc -S (inayogeuza C kuwa asembli) kwenye vifankisheni vyako vya C, kwanza kwa -O0 (bila uboreshaji) kisha -O2 (pamoja na uboreshaji), usome kinachotoka. Jaribu na clang pia, kompaila nyingine ya C: lupu inayojumlisha 1 hadi n inatoweka kwenye -O2, linabaki zidisho na amri nyingine chache.

Kuhusu laptopu yako, hutakwama. Weka Linux ya x86-64 ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nyingine. Itakuwa nzito kidogo, ila kwa programu za maabara huwezi kuumia. Mhadhiri akihamia MIPS au RISC-V, aina nyingine za prosesa, viigizaji vyake MARS na RARS ni programu za Java, zinakimbia popote. Muulize kabla muhula haujaanza anatumia sintaksia (namna ya kuandika amri) ya Intel au ya AT&T, maana mpangilio wa chanzo na kikomo unageuzwa, na gdb huanza na ya AT&T mpaka uibadilishe kwa set disassembly-flavor intel.