Nilivyoangushwa na Sehemu za Darasa la Saba Katika Mtihani wa Kalkulasi

Jumanne iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Webuye. Ameitwa chuo kusomea uhandisi wa ujenzi, anaripoti mwezi ujao, na hisabati alipata B+. "Dada, nasikia kalkulasi ya mwaka wa kwanza inaua watu. Nisome nini kabla sijafika?" Kalkulasi, kwa asiyeijua, ni hisabati ya kupima kasi ya mabadiliko. Nilikuwa kwenye matatu pale stendi ya Kisumu, nangoja ijae. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mtu ambaye kwenye karatasi yake ya matokeo kuna 31 hajibu swali hilo kwa mistari miwili.

Ndiyo, 31. Chuoni kwetu majaribio ya muhula yalikuwa na alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na ukikosa kufikisha 40 kwa jumla umeanguka. Sikukosa kidogo, basi. Nilikosa vizuri.

Acha nianzie mbali kidogo, maana mwanzo wake haukuwa chuoni. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata A- ya hisabati. Shule yetu ndogo ya kutwa haikuwa imezoea gredi hiyo, kwa hiyo picha yangu ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, nimevaa sweta ya kuazima. Wakati wa harambee ya karo, baba mdogo alishika kipaza sauti akasema, "Huyu mnayemwona hapa ndiye injinia wetu." Tangu siku hiyo jina langu likapotea. Vijana wa bodaboda pale Kiboswa waliniita Injinia. Mama wa duka aliniandikia deni la sukari kwa jina la Injinia. Nami nilikubali jina kabla ya kazi, na nawaambia nyinyi mnaosubiri kuripoti: jina likitangulia, mwenye jina analala.

Nililala kweli. Wiki ya kwanza mhadhiri aliandika ubaoni x kwa kipeo cha tatu, akauliza mteremko wake, yaani kasi yake ya kubadilika, ni nini. Nikacheka moyoni. Hiyo tulifanya Kidato cha Nne: unashusha kipeo mbele, unatoa moja, umemaliza. Nikaona huku sina haja ya kukaa mstari wa mbele. Wiki mbili zilizofuata nilihudhuria darasa nilivyojisikia. Kumbe kalkulasi tuliyofanya shuleni ni ya vipeo tu, mistari mifupi yenye x na namba zake, na kila swali limepikwa likaiva. Chuoni kuna sini na kosini, kuna logi, kuna vipeuo ndani ya mabano ndani ya mabano mengine, na kabla ya hayo yote kuna limiti, yaani namba ambayo hesabu inaikaribia, ambayo shuleni tuliigusa kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

Jaribio la kwanza lilikuwa na swali moja ambalo nalikumbuka mpaka leo. Tutafute mteremko wa 1/x kwa kuanzia mwanzo kabisa, bila kutumia ile njia ya mkato. Yaani unachukua 1/(x+h), unatoa 1/x, unagawanya kwa h, kisha unaiacha h ikaribie sifuri. Nilijua jibu lake ni −1/x². Nilijua! Lakini alama zilikuwa kwenye mistari ya katikati, na mstari wangu wa pili niliandika hivi: 1/(x+h) = 1/x + 1/h.

Kama hujashtuka, rudi usome tena. Weka namba. 1/(2+3) ni 1/5. Sasa 1/2 + 1/3 ni 5/6. Haviko hata mtaa mmoja. Mtoto wa Darasa la Saba anayejua kutafuta asili moja, yaani namba ya chini inayofanana, ya sehemu mbili hawezi kuandika nilichoandika. Alichotaka mhadhiri ni sehemu mbili zipewe asili moja, x(x+h), juu ibaki x toa (x+h), ambayo ni −h tu. Hiyo h inakatana na h ya chini, unabaki na −1 juu ya x(x+h). Sasa h ikienda sifuri, jibu limejileta lenyewe. Mistari minne, na kalkulasi ni ule wa mwisho peke yake. Mitatu ya mwanzo ni hesabu za shule ya msingi.

Mhadhiri aliporudisha karatasi alisema mbele ya darasa zima, "Kuna mtu humu hajui kujumlisha sehemu, na anataka kutujengea madaraja." Watu walicheka. Hakutaja jina, lakini karatasi yangu ndiyo aliyokuwa ameishika, na alinipa akiwa bado anatabasamu. Najua alikuwa na haki kuhusu sehemu. Nimekiri hapa mbele yenu wote. Lakini ninavyoandika haya bado najisikia masikio yakipata moto, na mwalimu yeyote anayesoma makala hii ajue kwamba aliyechekwa hivyo haulizi swali tena muhula mzima. Mimi sikuuliza. Nilianza kukaa nyuma, nikaanza kukariri. Unajua mwisho wa hadithi: 31.

Somo hilo lilikuwa linafundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo nilingoja, na kulirudia kulikuwa na ada yake. Nyumbani nilisema ni pesa za maabara. Mama anauza omena sokoni Kibuye. Alitoa noti kwenye mkebe, akazihesabu mara mbili, akanipa bila kuniuliza maabara gani. Zilikuwa na harufu ya omena. Nilizipeleka benki zikiwa na harufu hiyo, na karani akazishika kwa ncha za vidole. Ukweli nilimwambia baadaye sana, na alichosema ni, "Sasa si ungesema tu."

Haya, ulichokuja kutafuta. Likizo ile ndefu sikufungua hata ukurasa mmoja wa kalkulasi. Nilichukua vitabu vya mdogo wangu aliyekuwa Kidato cha Pili nikaanza na sehemu. Aibu ilinishika siku ya kwanza, siku ya tatu ikaisha. Sehemu, kisha kufungua mabano, kisha kutafuta vigawo, kisha sheria za vipeo, kisha logi, kisha trigonometria. Nilinunua kaunta buku la kurasa mia mbili nikajiwekea sheria moja: hakuna kuruka mstari. Hata ninapohamisha 3 kutoka upande huu wa alama ya sawasawa kwenda ule, ninaandika. Wiki tatu nilikuwa nimelijaza nusu. Ndipo nilipogundua kwamba makosa yangu yalikuwa machache tu, yaleyale, yanarudi kila ukurasa kama mdai. Alama ya kutoa inayosahaulika mbele ya mabano. Sehemu. Kukata kitu juu na chini wakati kimejumlishwa, hakijazidishwa. Sehemu tena.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: rudi kwenye sehemu. Wa pili nitakwambia baadaye lakini na wenyewe ni kurudi kwenye sehemu.

Kingine kilichonifungua macho ni kalkuleta. Mhadhiri alikuwa ametuambia kwamba sini ya x ukiigawanya kwa x, x ikikaribia sifuri, unapata 1. Nilijaribu usiku chumbani. Nikaweka 0.1, nikapata 0.01745. Nikaweka 0.01, ikarudi 0.01745 vilevile. Nikajiambia huyu mtu hata hesabu zake hajui, na nikiri kwamba nilifurahi. Kumbe kalkuleta yangu ilikuwa kwenye digrii tangu Kidato cha Tatu! Ukiiweka kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, 0.1 inakupa 0.9983, na ukizidi kusogea karibu na sifuri inazidi kuikaribia 1. Ile 0.01745 ni pai igawanywe kwa 180, yaani digrii moja ikivuliwa koti ikawa radiani. Kalkulasi yote ya sini na kosini unayofundishwa chuoni imesimama juu ya radiani. Kabla hujaingia mtihani wowote, angalia kona ya kioo cha kalkuleta yako.

Lakini aliyenifanya nielewe limiti ni mwenzangu mmoja wa Njoro, na tulikuwa ndani ya matatu. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50. Ukitumia saa moja, utasema gari lilienda kilomita 50 kwa saa. Akaniuliza, "Sasa hapa Riat tunavyopanda, unaona 50?" Gari lilikuwa limejaa, linakoroma, utingo anachungulia magurudumu. Mshale wa spidi ulikuwa chini kabisa. Akasema, chukua dakika tano za huu mlima peke yake, gawanya umbali kwa muda. Kisha dakika moja. Kisha sekunde moja. Kila ukipunguza muda unaikaribia namba fulani, na namba hiyo ndiyo mshale unaonyesha sasa hivi. "Mhadhiri anaiita limiti. Dereva anaiita spidi." Mwaka mzima wa kukariri, na kilichonikosa kilikuwa kinaning'inia mbele ya dereva.

Tangu hapo nikawa natafuta kila kitu nje ya daftari. Walipotuambia kwamba e, ile namba maalumu ya kama 2.718, kwa kipeo x, kasi ya kuongezeka kwake ni sawa na yenyewe, sikukariri. Niliwaza gugumaji pale Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Likiwa kidogo linaongezeka kidogo, likiwa limetanda linaongezeka kwa fujo, kwa sababu kila mmea nao unazaa. Ukubwa wa kilichopo ndio unaoamua kasi. Bila shaka ziwani mambo hayaendi hivyo milele, upepo unalisukuma na nafasi inaisha, lakini kwa kuanzia picha inatosha.

Mwaka wa marudio tulikuwa wanne, tunakutana kwenye darasa tupu baada ya saa mbili usiku mpaka mlinzi atufukuze. Sheria ilikuwa kwamba anayejua hashiki chaki. Anashika asiyejua, na wengine wanamwuliza "kwa nini" kila mstari. Niliteseka. Ila huwezi kujidanganya ukiwa na chaki mkononi. Mitihani ya miaka iliyopita tuliigusa wiki nne za mwisho tu. Wanaoanza nayo Septemba wanajua maswali ya 2017 vizuri sana, shida ni kwamba mtihani wao si wa 2017.

Na mnaojiona wajinga, sikilizeni hili. Leibniz, yule Mjerumani aliyetuachia alama tunazotumia mpaka leo, ile dy/dx na ile S ndefu ya integresheni (kujumlisha vipande vidogo vidogo) inayosimamia neno la Kilatini la jumla, naye alijikwaa. Kwenye maandishi yake ya mwaka 1675 alijiuliza kama kasi ya mabadiliko ya vitu viwili vilivyozidishwa ni kuzidisha tu kasi ya kila kimoja. Si hivyo, na baada ya muda mfupi akajisahihisha. Jaribu na x mara x: kasi ya kila x ni 1, ukizidisha 1 kwa 1 unapata 1, ilhali jibu ni 2x. Alikosea, akapima, akafuta. Hakuna aliyesimama mbele ya watu kumwambia hatajenga madaraja.

Nilipata 68. Kalkulasi ya pili nikapata 74, na hiyo siisemi kwa unyenyekevu wowote. Siku hizi Jumamosi nafundisha wanafunzi sita wa mwaka wa kwanza, na wote nimewaanzisha na sehemu. Wawili walinuna. Mmoja alisema yeye alipata A tupu. Nilimwangalia nikajiona mimi na sweta yangu. Vijana, punguzeni kiburi, punguzeni simu, laleni usingizi kabla ya mtihani, na msimpe mtu kazi yenu akawafanyie halafu mkasema mmeelewa. Mtu akikuita Injinia, itika, kisha uende ukafanye maswali kumi.

Basi kijana wa Webuye nilimjibu juzi. Sikumtajia kitabu. Nilimtumia swali moja tu, lile la 1/x, nikamwambia aandike kila mstari kwa mkono, anipigie picha. Alinijibu upesi, "Hilo tu dada? Jibu si −1/x²?" Nikamwambia jibu ninalo, nataka mistari.

Picha imefika jana saa nne usiku, mwandiko mzuri, ametumia rula kupiga mstari chini ya kichwa. Mstari wa pili: 1/x + 1/h.

Nimemwambia akanunue kaunta buku.