Kakonda, ana nini? Majibu kwa wasomaji waliosemwa simuni

Barua nyingi za mwezi huu zimeleta jambo moja: watu wanaosemwa mitandaoni kwa miili yao na maradhi yao. Tumechukua nne. Majina tumeyaacha.

Assalaam alaykum. Tangu umalizike mfungo nimepungua kilo 11. Hospitali wamenipima damu, wakaniambia tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, nimeanzishiwa kabimazoli. Wiki iliyopita picha yangu ya harusini ilitiwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, chini yake imeandikwa: "Ngoma hiyo, dawa zake zimeonekana mkobani." Wifi yangu ananihimiza nikapime UKIMWI, nitie cheti grupuni ili wanyamaze. Nifanye hivyo? — Mama wa watoto watatu, Kwahani

Waalaykum salaam dada yetu. Cheti usitie. Wifi yako anakutakia kheri, lakini karatasi ile ina jina lako kamili, umri wako na namba yako ya hospitali. Ikishaingia kwenye grupu la watu mia tatu haitoki tena, na mwenye nia mbaya atafuta neno moja na kuandika jingine. Halafu hawatanyamaza. Leo cheti cha UKIMWI, kesho wataulizia kifua kikuu. Na humo humo grupuni huenda yumo jirani anayemeza dawa za virusi kila usiku bila ya kumwambia mtu. Ukipeperusha cheti kujitakasa, yeye atasoma kwamba kuwa kama yeye ni aibu.

Kabla ya kumjibu mtu yeyote, hifadhi ushahidi. Wengi hukosea hapa kwa hasira: wanatoka grupuni, wanafuta mazungumzo, kisha wanafika kituoni mikono mitupu. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe, tarehe, saa na jina la grupu. Angalia kitu kimoja: ikiwa aliyetuma umemhifadhi simuni kwa jina la "Shoga Mpendwa", picha itaonyesha Shoga Mpendwa, na polisi hawamjui. Bonyeza jina lake mpaka namba itokee, upige picha nyingine. Piga na ukurasa wa taarifa za grupu penye orodha ya wasimamizi. Kisha hamisha mazungumzo yote kwa ile sehemu ya kutoa nakala (Export chat) na ujitumie kwa baruapepe. Kama ilikuwa statusi, fanya haraka, maana hufutika baada ya saa 24.

Utazame pia kimshale kilicho juu ya ujumbe. Mshale mmoja maana yake umepitishwa kutoka kwingine. Mishale miwili maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika kwenu. Hapo kumwandama jirani aliyeutia grupuni ukidhani ndiye aliyeutunga ni kupoteza nguvu. Yeye unamtaka aufute tu.

Ukishahifadhi, mwandikie msimamizi faraghani, si mbele ya watu. Msimamizi wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote ukaondoka kwenye simu za wote waliomo, na wengi wao hawajui kwamba uwezo huo wanao. Mwelekeze: abonyeze ujumbe kwa muda, achague kufuta, kisha kufuta kwa wote. Baada ya hapo andika grupuni mara moja tu, kwa maneno kama haya:

"Assalaam alaykum. Nimeona picha yangu na maneno yaliyoandikwa chini yake. Maneno hayo si kweli. Sikumpa mtu ruhusa ya kusambaza picha yangu wala kuizungumza afya yangu. Naomba asiitume mtu tena."

Umeona kwamba hakuna jina la maradhi humo, wala tusi. Na neno "si kweli" lina kazi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara na Zanzibar, katika kifungu cha 16 inamshika anayechapisha habari ya uongo akijua ni ya uongo na akikusudia kuchafua jina la mtu au kupotosha. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyepitisha ujumbe kabla hujasema anaweza kudai kwamba hakujua. Anayepitisha baada ya maneno yako, yenye tarehe na saa, hana pa kusimamia. Kwa hiyo sentensi zile nne hazikuandikwa kwa ajili ya wambea. Ni kumbukumbu. Tahadhari: kama sehemu ya yaliyosemwa ni kweli, "si kweli" usiiandike. Baki kwenye ruhusa na picha.

Wakiendelea, au wakianza kukutumia ujumbe wa kukutisha na kukukera (huo ni unyanyasaji wa mtandaoni, kifungu cha 23), nenda kwa sheha na kituo cha polisi, na usiondoke kituoni bila ya namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Simu usiibadilishe wala WhatsApp usiifute, kwa sababu picha za skrini peke yake hubishiwa. Ukitaka kuliripoti grupu kwa kampuni, soma vizuri kile kisanduku kidogo cha "toka na ufute mazungumzo". Kikiwa na alama ya vema, ushahidi wako unaondoka nacho.

Ukweli wako waambie watu wachache. Tunaona watatu wanatosha: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, na mmoja mwenye mdomo pale mtaani (kila mtaa unaye, na unamjua). Wape sentensi moja nyepesi ya kubeba: "Ana tezi ya shingo, anatibiwa, haiambukizi." Habari ndefu huongezwa chumvi njiani. Fupi hufika ilivyo.

Mambo ya dawa sasa. Usiache kumeza kwa kuogopa kuonwa. Kabimazoli inazuia tezi kutengeneza homoni mpya lakini haiondoi iliyokwisha kuhifadhiwa, ndiyo maana huchukua wiki kadhaa kabla hujahisi nafuu. Mwili nao utarudi polepole, na mara nyingine hurudi na ziada. Jiandae, maana siku hiyo watasema "kapata dawa". Ukishikwa na homa au koo kuuma ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo wakuangalie chembe nyeupe za damu, kwani dawa hii mara chache huzishusha. Na wale waliokuandikia chini ya picha "kunywa mwani wa Paje, rovu litakwisha", wapuuze. Mwani una madini joto, na tezi inayochachamaa kama yako ukiizidishia madini joto inaweza kuzidi.

La mwisho kwako, na husahauliwa sana. Maradhi haya yenyewe huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi. Ukisoma grupu saa tano usiku, hutajua kipi ni maneno ya watu na kipi ni tezi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono ukiwa umetulia, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakiwa zaidi ya 100, usilichukulie kuwa ni hasira tu. Mwambie daktari wako, ipo dawa ya kutuliza mapigo wakati kabimazoli inasubiriwa ifanye kazi. Grupu lizimie sauti, na mtu mwingine nyumbani akusomee mara moja kwa siku.

Nina mbalanga mikononi na pembeni mwa mdomo. Nauza samaki wa kukaanga na muhogo Wete na natia video Instagram. Kila video hapakosi anayeandika "ukoma huo, msile". Wateja wameanza kuniangalia vidole. Nivae glavu? — Kijana wa Pemba

Kama wauzaji wote hapo wanavaa glavu, vaa. Kama ni wewe peke yako, glavu itasema yale yale wanayosema wao.

Mbalanga haiambukizi kwa kushikana, kwa chakula, kwa maji wala kwa nguo. Kinga ya mwili inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na pale zinapokufa ngozi hubaki nyeupe. Ukoma ni kitu kingine. Madoa yake huwa yamepauka au mekundu, si meupe kama chokaa, na hupoteza hisia: ukilipapasa kwa pamba mtu hahisi. Kama hujawahi kupimwa, nenda kituo cha afya wakupapase hivyo na waandike. Si kwa ajili ya wachangiaji, ni kwa ajili yako, kwani hata ukoma wenyewe una dawa, hutolewa bure, na mtu akishaanza kutibiwa haambukizi tena. Muulize daktari na kipimo cha tezi ya shingo. Mbalanga na maradhi ya tezi huandamana mara nyingi, na dada wa Kwahani hapo juu atatusamehe kwa kumtaja. Vidole na ncha za mikono ndiyo sehemu ngumu zaidi kurudisha rangi, kwa hiyo usimpe pesa anayekuahidi kuzirudisha kwa mwezi mmoja.

Kwenye ukurasa wako, andika maoni yako mwenyewe chini ya video: "Hii ni mbalanga. Haiambukizi. Leo tuna changu na jodari, tunafunga saa nne usiku." Sentensi mbili za ngozi, iliyobaki biashara. Halafu ingia kwenye mipangilio ya maneno yaliyofichwa uorodheshe maneno unayoyachoka, pamoja na tahajia za ujanja: ukoma, uk0ma, mkoma, gonjwa. Maoni yenye maneno hayo hayataonekana. Yule anayerudi kila siku usimfungie, mwekee kizuizi cha kimya (Restrict). Ataendelea kuandika na kuyaona maneno yake mwenyewe, wengine hawayaoni, wala hapewi taarifa. Ukimfungia atajua, na kesho atakuja kwa jina jingine. Kichujio hakisomi picha wala sauti, hizo itabidi uzifute kwa mkono.

Binti yangu ana miaka 14. Alitia video TikTok akaitwa "kibonge" na "pipa". Sasa hali chakula cha usiku, na nimekuta majani ya sanamaki chini ya godoro. Nimemnyang'anya simu. Nimefanya sawa? — Mzazi, Mwanakwerekwe

Simu mrudishie, sanamaki ichukue. Mtoto aliyenyang'anywa simu husoma kwa simu ya rafiki, na safari hii wewe hutojua.

Sanamaki haipunguzi mafuta ya mwili. Inaharisha, na kinachotoka ni maji na chumvichumvi, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Uzito unaoshuka leo unarudi kesho anapokunywa maji, naye anaongeza majani. Muulize kwa upole ametumia kwa muda gani na kiasi gani. Kama anasikia kizunguzungu, ameanguka, hedhi imekosekana miezi mitatu, anatapika baada ya kula au nywele zinanyonyoka, mpeleke hospitali wamchukue damu na wampime moyo. Akisema hataki kuishi, hata kama anasema kwa mzaha, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mfike hospitali. Msitishwe na jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na hata wewe mzazi unaweza kupiga.

Akaunti yake iangalieni pamoja. TikTok huifanya ya faragha akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 na kuwazuia wasio marafiki kutoa maoni. Kama kwake wageni wanaandika, huenda alijisajili kwa umri wa uongo. Ukaguzi wa pili uanzie ndani ya nyumba. Shangazi anayeingia mlangoni na "masha'Allah, umekuwa kama pipa mwanangu" ametangulia kusema kabla ya TikTok. Zungumza naye akiwa peke yake, si mbele ya mtoto. Na kwenye sinia usimhesabie matonge, akila wala akiacha.

Mie nilisambaza voisi inayosema mwalimu mmoja wa skuli yetu ana TB na anaficha. Sasa naambiwa si kweli. Nimeshaifuta kwangu. Yatosha? — Mjuta, Chake Chake

Haitoshi, kwa sababu "kufuta kwangu" kumeiondoa kwenye simu yako tu. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa muda wa siku mbili na saa kadhaa tangu kutuma, lakini ujumbe ulioufuta kwako hutauona tena wa kuubonyeza. Waombe wasimamizi wa kila grupu ulilotuma waufute wao. Kisha andika kwenye magrupu hayo hayo, si kwenye statusi yako: "Voisi niliyoituma juu ya mwalimu si kweli. Nilikosea kuituma. Aliyeipeleka kwingine naomba naye aseme huko." Voisi yenyewe usiiambatanishe tena, kwani wengine wataisikiliza kwa mara ya kwanza.

Na hata ingekuwa kweli: mwenye TB akimeza dawa sawasawa, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi hatari ya kuambukiza hushuka sana, ingawa matibabu ni miezi sita. Voisi kama ile hufanya anayekohoa aogope kupima, naye ndiye wa kuogopwa.

Mwalimu mwendee mwenyewe, jioni, nyumbani kwake. Mtajie magrupu uliyotuma kwa majina yake, ili ajue pa kuanzia.