Doa la iodini liko wapi? Kwa wadogo zangu mnaoanza diploma ya IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari ya juu)

Jumamosi nilikuwa Kansanga, Kampala, nikiwasaidia wanafunzi wawili wa mwaka wa pili. Simu ya mmoja ikaita, jina la msimamizi wake wa EE (ile insha ndefu ya utafiti) likaonekana kwenye kioo. Akaigeuza kifudifudi mezani, akaendelea kula roleksi, chapati yake ya mayai. "Nitampigia nikishapata la kumwambia," akasema. Roho iliniuma, maana maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa na umri wake. Nimerudi nyumbani nikaandika haya.

1. Chagua HL (masomo ya kiwango cha juu) ukiwa na masharti ya chuo mkononi. Anayetaka uhandisi asikimbilie hesabu za AI (zile za matumizi na ufafanuzi) kwa kuwa rafiki zake wako huko.

2. Kiswahili. Nyumba nzima inaongea Kiswahili tangu alfajiri, halafu mtoto anaomba ab initio ili apate 7, alama ya juu kabisa, kwa mteremko! Ab initio ni ya asiyeijua lugha. Ingia B (lugha ya pili), au ingia A usome fasihi, utaipenda.

3. Tafakari za CAS (ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii) ziandikwe wiki ileile. Rafiki yangu alipanda miti, akafundisha watoto kuogelea, akafanya mengi mazuri kweli, lakini hakuandika neno. Mwisho alikaa usiku mbili akijaribu kukumbuka miezi kumi na minane. Watoto aliowafundisha walikuwa wamemtoka kichwani hata majina, na hilo ndilo lililomliza.

4. EE. Hapa mniwie radhi, nitakaa.

Swali langu la kwanza lilihusu uchafuzi wa Ziwa Viktoria. Ziwa zima, kwa maneno 4,000. Mwalimu akaniambia nilibane, nikalibana hadi mfereji wa Nakivubo na Ghuba ya Murchison unakomwagia maji yake: kupima oksijeni iliyoyeyuka kwa njia ya Winkler. Hadi hapo nilikuwa salama. Kisha nikapotea. Akipanga kikao, naumwa. Akiandika barua pepe, siifungui. Miezi minne nilimkwepa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunisaidia.

Sampuli nilichota peke yangu, kwa chupa za soda nilizojaza nusu, nikapanda nazo boda hadi maabara ya shule zikitikisika njia nzima. Mnaosoma kemia mmeshaona kosa. Chupa ya Winkler hujazwa pomoni, pasibaki hata kiputo cha hewa, na manganisi salfeti na iodidi ya alkali hutiwa palepale ukingoni, oksijeni ifungwe kabla haijabadilika. Maji yangu yalikunywa hewa barabarani. Yakafika yakisema kwamba mfereji unaobeba maji machafu ya jiji una oksijeni karibu sawa na ziwa.

Ningekwenda kwa mwalimu jioni ile, tungerudia kazi wiki iliyofuata. Sikwenda. Nilijifungia chumbani nikabadilisha namba. Za mfereji nikazishusha hadi zikapendeza, kisha nikaandika upya daftari zima la maabara ili vipimo vya bureti (mrija wa kupimia kemikali) vikubaliane na uongo wangu.

Kwenye kikao mwalimu alilifungua lile daftari, akapitisha kidole juu ya safu ya bureti, ukurasa baada ya ukurasa. Hakugusa hesabu. Akauliza taratibu, "Doa la iodini liko wapi, mwanangu?"

Daftari la titresheni lililofanya kazi lina duara la kahawia la iodini pale chupa ilipowekwa ikiwa imelowa, lina namba zilizokatwa, lina ukurasa uliojikunja kwa maji. Langu lilikuwa jeupe pe, wino mmoja, mwandiko mmoja. Nilinyamaza, kisha nikalia, kisha nikamwambia yote.

Ilikuwa bado rasimu. Ingetumwa IB na ikagundulika, ningenyimwa gredi ya EE, na bila gredi hiyo hakuna diploma, hata uwe na 7 sita. Alinipa siku kumi na mbili niandike kwa namba za kweli na nieleze zilivyoharibika. Nikapata D. TOK (nadharia ya maarifa) nilikuwa na C, na C kwa D kwenye jedwali la alama za ziada ni sifuri. Chuo kilichonipa nafasi kilitaka jumla ya alama 36, nilipata 35. EE ya C ingeniletea ile moja. Mama aliniuliza Julai ile, karatasi ya matokeo mkononi, kama alama moja haiwezi kuombwa.

Sampuli mbaya husameheka. Hata swali bovu hurekebishwa kwa nusu saa. Kilichonigharimu ni ile miezi minne.

5. Mnaobaki Uganda, pelekeni vyeti UNEB (baraza la mitihani la Uganda) vilinganishwe mapema. Mimi nilisubiri chuo cha ng'ambo kibadili mawazo, nikaanza kuhangaika na foleni wakati wenzangu wa S6 (kidato cha sita cha Uganda) wameshapanga hosteli.

6. Maonyesho ya TOK: chukua kitu ulichokishika wewe, chenye historia kwako. Picha ya kuokota mtandaoni haina la kusema.

Na wewe wa Kansanga, unajijua. Mwalimu wako amepiga mara tatu nikiwa hapo, na mtu aliyekukatia tamaa hapigi mara tatu. Mpigie leo, kurasa zikiwa tupu hivyohivyo. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie siku, nitakungoja getini.